Taa ya DPF ikiwaka kwa gari ya dizeli ya zamani: fuata haya kabla hujamwachia mtu aitoboe

Sikizeni, naandika hii manake wiki hii pekee watu wawili hapa Malindi wameniuliza swali moja, taa imewaka kwa dashibodi, gari imekuwa nzito haivuti, fundi anasema DPF, kile kichujio kinachokamata masizi ya moshi wa dizeli, imekufa na dawa yake ni kuitoboa tu itoke matumbo yote. Gari yangu ni dizeli ya 2013, cc 2200, imetoka Japani, na mwaka juzi nilifika hapo hapo. Sikuitoboa. Mpaka leo inatembea na DPF ile ile iliyokuja nayo, na nikipitisha kitambaa cheupe kwa mdomo wa ekzosi kinatoka karibu vile kilivyoingia. Haya nitakayoeleza nimeyafanya mwenyewe, mengine nikiwa na fundi, na nakuomba uyafuate kwa mpangilio huu huu kwa sababu ukiruka hatua utalipa mara mbili.

Kwanza ujue masizi si jivu

DPF kwa nje ni kama salensa fupi nene, kwa gari nyingi iko karibu na injini, nyuma tu ya tabo (turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini). Ndani kuna kauri yenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, ila kila kitundu kimezibwa upande mmoja, hiki kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, kwa hivyo moshi hauna njia ila kupenya ukuta wa kauri na masizi yanabaki ndani. Si kitu kipya, Peugeot 607 ilitoka kiwandani nayo mwaka 2000.

Yale masizi yakikusanyika gari huyachoma yenyewe. Komputa inaongeza dizeli kidogo baada ya mwako wa kawaida, joto la ekzosi linapanda mpaka kama digrii 600, masizi yanaungua yanaenda zake, dakika 10 mpaka 20 kazi imekwisha na dereva hata hajui. Lakini kuna jivu pia. Jivu linatokana na oili ya injini, zile dawa za madini zilizomo ndani ya oili, kila tone linaloungua linaacha unga kidogo. Ni kama jikoni, kuni zinaungua unabaki na jivu, na ukilirudisha lile jivu motoni litabaki jivu. Kwa hivyo DPF iliyojaa masizi inaweza kupona barabarani bila kufunguliwa hata nati moja, iliyojaa jivu lazima ishuke ioshwe, na hakuna chupa ya dawa ya tangini itakayotoa jivu hata uambiwe nini. Mtu asiyekwambia yako ni ipi kati ya hizo mbili usimpe gari.

Na kwa nini huku kwetu zinaziba sana? Safari fupi. Mimi nilikuwa natoka Maweni nampeleka mtoto skuli, napita sokoni, nafika Casuarina kazini, jioni narudi, kila kipande kilomita tatu nne, injini haijapata joto lake nishaizima. Gari ikianza kuchoma masizi nazima, kesho inaanza tena nazima tena, masizi yanazidi, na ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka kwa oili.

Hatua ya kwanza: chomoa dipstiki (kile chuma cha kupimia oili)

Kabla ya mashine yoyote, kabla hujaenda kuikimbiza barabarani, paki mahali tambarare, ngoja kama dakika 10 na uangalie oili. Ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho, nusa. Ikinuka dizeli na ni nyepesi inateleza kidoleni kama maji, usiendeshe, badilisha oili na filta kwanza. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi tena beringi za injini wala za tabo, na ikizidi sana injini inaweza kuivuta kupitia bomba la pumzi ikaanza kuila yenyewe, mizunguko ya injini inapanda hata ukizima ufunguo. Kwa hivyo hii hatua ya bure msiidharau tafadhali.

Taa pia ina maana zake. Kwa gari nyingi taa ya DPF ikiwaka peke yake bila kupepesa, na nguvu bado iko, una nafasi ya kuichoma barabarani, yaani kuendesha mfululizo mpaka masizi yaungue. Ikiwa inapepesa, ama imeungana na taa ya injini na gari imejifunga haipandi hata ukikanyaga, hapo kuikimbiza hakusaidii, nenda hatua zinazofuata. Fungua kitabu cha gari yako uhakikishe, na kama ni cha Kijapani piga picha ukurasa utafsiri na simu.

Hatua ya pili: soma kodi za hitilafu, usifute

Kidude cha OBD cha Bluetooth, kile cha kuchomeka kwa gari kusoma komputa yake, na programu kwa simu kinatosha kuanza, ila chukua kile kinachoweza kuonyesha data ya DPF ya gari yako, vile rahisi kabisa vinasoma kodi tu. Kodi ziandike kwa karatasi. P2463 ni masizi yamezidi. P242F ni jivu limezidi. P2002 ni kwamba kichujio hakifanyi kazi inavyotarajiwa, na mara nyingine shida hata si kichujio chenyewe. P2452 mpaka P2455 ni upande wa sensa ya presha, waya zake ama mipira yake. P0401 ni EGR, ile valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, haipitishi vya kutosha. Kuna watu wanafuta kodi, taa inazima, wanafurahi, baada ya siku tatu imerudi na wameshapoteza habari zote zilizokuwa zimehifadhiwa pale. Wacha kodi ikae mpaka ujue imetoka wapi.

Hatua ya tatu: presha, na ule mpira

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Gari inajua DPF imejaa kwa sensa moja ndogo yenye mipira miwili, mmoja unachukua presha kabla ya DPF, mwingine baada yake, sensa inapiga hesabu ya tofauti. Tofauti ikiwa kubwa maana yake moshi unapita kwa taabu.

Washa ufunguo bila kupiga injini. Tofauti lazima isome sifuri ama karibu kabisa na sifuri. Ikisoma kitu na hakuna moshi unaopita, sensa inadanganya, shughulika nayo kwanza. Alafu piga injini iwe na joto, usikanyage mafuta, DPF nzima kwa gari ndogo nyingi itasoma chini ya kPa 1 (kilopaskali, kipimo cha presha), ama kidogo juu yake. Panda mpaka mizunguko 2500 kwa dakika ushikilie, namba ipande taratibu na ukiachia ishuke mara moja. Ikiwa inasoma kPa 3 ama 4 na gari imesimama tu, imeziba kweli. Kila gari ina kipimo chake so hizi ni za kukupa mwanga, linganisha na za modeli yako.

Yangu ilikuwa inasoma kitu kidogo sana, kama DPF mpya, na huku gari haivuti. Fundi wa kwanza akasema kauri imepasuka ndani, moshi unapita ovyo, tafuta nyingine ya mtumba, elfu tisini. Nikakubali kwa shingo upande lakini nikamwomba tuipandishe tuitazame kwanza. Ule mpira wa upande wa joto, ukiutazama ulivyokaa hauoni kitu. Nikaukunja kwa vidole, na hapo pa kukunjia, kwa chini, pakafunguka ufa mwembamba kama ukucha, ndani yake kumeganda masizi meusi, na chuma cha pembeni kimechorwa mstari mweusi vile moshi ulivyokuwa unapuliza hapo miezi yote hiyo. Klipu yake imeliwa na kutu, chumvi ya bahari hii haiachi kitu. Presha ilikuwa inavujia hapo kabla ya kufika kwa sensa, kwa hivyo komputa ilikuwa inaona njia ni nyeupe, haichomi inavyotakiwa, na masizi yanajaa tu. Tukaweka mpira mpya wa kustahimili joto, namba ikaruka mpaka kPa 4. Yaani gari ilionekana kama imekuwa mbaya zaidi lakini sasa ndio ilikuwa inasema ukweli.

Kwa hivyo kunja ile mipira kwa mkono, yote miwili, urefu wake wote. Chomoa upande wa sensa upulize kuelekea kwa DPF uhakikishe haijaziba. Ukiweka mipya usichanganye wa mbele na wa nyuma, na isiwe na tumbo katikati inaponing'inia, maji ya mvuke yatakaa pale. Usitumie mpira wa maji ya bustani, utayeyuka.

Hatua ya nne: nani aliyeijaza?

Hii mtu akiiruka ataosha DPF leo na baada ya miezi michache yuko pale pale. Angalia joto la injini kwa kile kidude, likae kwenye digrii 80 mpaka 90 ukiwa barabarani, likibaki 60 na kitu basi thamostati, ile valvu inayotunza joto la injini, imekwama wazi, na gari nyingi haziwezi hata kuanza kuchoma. Na nawasihi sana wale mliotolewa thamostati eti Malindi kuna joto, rudisheni, kwa dizeli yenye DPF hiyo ni kuiua polepole.

Angalia mipira mikubwa ya hewa kutoka kwa tabo, ukiona mafuta mafuta yamelowesha kiungo, hewa inavuja na injini inatoa masizi mengi kuliko kawaida. EGR ikikwama wazi pia inakosesha injini hewa safi, ifungue uisafishe kwa dawa ya kabureta na brashi laini, ukiwa hapo chungulia mlango wa hewa wa injini, usishangae ukikuta umebaki nusu kwa masizi. Injekta zinazovuja zinahitaji kupimwa kwa mashine, hizo si za kukisia. Na sensa za joto la ekzosi, injini ikiwa imelala usiku mzima zote zisome karibu sawa na joto la nje, ikiwa moja inasema 30 na nyingine 180 umeshampata mmoja. Lingine dogo: gari nyingi hazichomi kama taa ya mafuta imewaka, kwa hivyo anayetembea na mafuta ya mia tano mia tano anajinyima mwenyewe.

Hatua ya tano: kuichoma barabarani

Ukishatengeneza kilichoharibika, oili iko sawa na gari bado ina nguvu, jaza tangi angalau robo tatu na utoke mapema, baada ya swala ya alfajiri ndio wakati mzuri. Mimi sipendi upande wa Mombasa kwa kazi hii, mpaka Kilifi ni kama kilomita 60 lakini Gede, Matsangoni, kila kituo ni matuta na tuktuk na watoto wa skuli, unapunguza unaongeza, joto linakatika. Naenda kaskazini, navuka daraja la Sabaki, Mambrui naipita taratibu, Gongoni vile vile, kutoka hapo barabara ya Garsen inafunguka. Shikilia spidi 80 mpaka 90 bila kupanda na kushuka, weka gia ya chini kidogo mizunguko iwe 2000 mpaka 2500, nusu saa bila kusimama. Si lazima ukimbie, kinachotakiwa ni mzigo wa mfululizo.

Utajua inachoma kwa sababu joto la ekzosi kwa simu litapanda 500 na zaidi, ulaji wa mafuta utaongezeka, na ukipunguza utasikia harufu kama ya chuma kilichopata moto. Usizime mpaka joto lishuke lenyewe. Na tafadhali, tafadhali, ukisimama usipaki juu ya nyasi kavu wala usiingize gari chini ya banda la makuti ikiwa bado inachoma. Ekzosi wakati ule ina joto la kuwasha moto, na sote tunajua makuti yakishika huwa hayaachi kitu mpaka nyumba ya jirani.

Kama gari imekataa kuchoma barabarani, fundi mwenye mashine nzuri anaweza kuilazimisha ikiwa imesimama. Ifanyike nje, uwanja wa mchanga, mtungi wa kuzima moto pembeni, mtu asisimame nyuma ya ekzosi. Mashine ikisema masizi yamepita kiwango haiwezi, msitafute njia ya kuizunguka, masizi mengi yakishika moto kwa pamoja kauri inayeyuka ama inapasuka, na hapo ndio itakuwa imekufa kweli.

Yangu ilipochomwa ilishuka kutoka kPa 4 mpaka 2 ikagoma hapo. Nikaichoma mara ya pili wiki iliyofuata, haikusogea. Hiyo iliyobaki ilikuwa jivu.

Hatua ya sita: kuishusha na kuiosha

Siku moja kabla pulizia nati zote dawa ya kulegeza kutu, asubuhi, mchana na usiku. Huku pwani nati za ekzosi hukatika kama biskuti ukizilazimisha, ukiona inagoma irudishe nyuma kidogo, pulizia, jaribu tena. Injini iwe baridi kabisa. Ukipandisha gari weka stendi, usiamini jeki peke yake. Sensa zitoe kwa uangalifu na upige picha kila waya ilivyokaa. Nunua gasketi mpya kabla hujaanza, ya zamani haifai kurudi.

Vaa maski na glavu, ule unga mweusi si wa kuvuta. Ichukue DPF uipime kwa mizani, hata ile ya muuza nyanya inatosha, andika uzito. Sasa sikia vizuri: maji yanaingia kwa nyuma, pale moshi unapotokea, yanatokea mbele. Jivu limesukumwa na moshi mpaka mwisho wa vile vitundu, ukiosha kutoka mbele unalikandamiza zaidi. Mimi niliiloweka usiku kucha kwa dawa ya maji iliyoandikwa ni ya DPF, asubuhi nikapitisha maji ya hosi ya kawaida, presha ndogo, nusu saa nzima. Kwanza yakatoka meusi tititi, nikadhani ndiyo hayo, baadaye yakabadilika yakawa ya kijivu mazito kama tui lililoingia vumbi, hilo ndilo jivu lenyewe, na hapo ndipo watu wengi huacha wakidhani imeisha. Endelea mpaka yatoke meupe.

Usitumie asidi ya betri wala ya choo, wala magadi makali, kauri imepakwa madini ya thamani kama platinamu na ukiyaosha hayarudi. Usitumie petroli, ni kujitafutia moto. Usiipige nyundo wala kuiangusha. Mashine ya kuoshea gari yenye presha kubwa pia hapana. Yale maji machafu kinga kwa pipa, acha yatulie, masizi yakikaa chini uyatie kwa mfuko. Usiyamwage mtaroni, mtaro wa hapa unaishia baharini na ile bahari imekuwa hifadhi tangu 1968, watu wanakula kutoka pale.

Ianike juani siku mbili, igeuze geuza, alafu pulizia hewa ya kompresa taratibu kutoka nyuma. Pima tena. Yangu ilipungua karibu gramu 300, na ukiiinua kwa taa unaona mbele vile vitundu visivyozibwa upande huo viko wazi hakuna kilichovunjika. Rudisha na gasketi mpya, piga injini, pitisha mkono kwa mbali kuhisi kama kuna mahali panapuliza, kisha fundi wa mashine aiambie komputa kwamba DPF imeoshwa, zile hesabu za masizi na jivu zirudi sifuri, la sivyo itaendelea kuhesabu kama zamani.

Na hii habari ya kuitoboa

Najua ni rahisi, najua unamaliza kwa saa mbili. Lakini kinachotoka pale ndicho kinaingia kifuani kwa mtoto anayesubiri tuktuk kando ya barabara. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kenya nayo ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2014. Na hata kwa gari yenyewe, ukitoboa bila kubadilisha programu komputa itasumbua kila siku, na ukibadilisha programu mara nyingi ule ugonjwa wa mwanzo, EGR, injekta, uvujaji wa tabo, unabaki unakula injini kimya kimya.

Kuitunza baada ya hapo

Oili ndiyo kubwa. Tafuta ya jivu kidogo, kwenye chupa imeandikwa C3, ama DL-1 kwa gari za Kijapani, lipi kati ya hayo kitabu chako kinasema. Oili ya dizeli ya lori, hata iwe ghali, inaweza kuwa na jivu nyingi na itaziba tena. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000 kwa sababu ya safari zangu fupi. Dizeli nunua kituoni, tangu 2015 ya Kenya ilishushwa salfa mpaka 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) na DPF inaishi nayo, ile ya jerikeni usiyoijua imetoka wapi achana nayo.

Ijumaa mbili kwa mwezi natoka mapema naenda mpaka Marereni na kurudi, nachukua na mabuyu ya watoto njiani, na kila mara kabla ya kuzima nasoma ile presha naandika kwa kijitabu kilichoko kwa droo ya gari. Mara ya mwisho ilikuwa kPa 0.7.